Pampu Imepungua Nguvu Katikati ya Msimu? Kagua Masizi Kabla Hujaiuza

Wiki hii kantangaze na ukungu tunawaweka pembeni kidogo. Leo tunaongelea mashine, kwa sababu nyanya haijali kama una mbegu bora na mbolea nzuri. Maji yakikata siku tano wakati inabeba, umeumia.

Kiangazi kilichopita kijana mmoja wa kata yangu alinipigia simu alfajiri. Ana ekari moja na nusu ya nyanya kando ya mto, na zilikuwa zinachanua na kubeba.

"Shikamoo bwana shamba."

"Marahaba, vipi huko?"

"Huku si kuzuri. Pampu inakufa. Juzi maji yalifika mstari wa mwisho, jana yameishia katikati, leo yanatoka kama mtoto anakojoa. Fundi amesema injini imekwisha, nifanye ovahoo au niiuze. Na mnunuzi yupo."

Bei aliyotajiwa na huyo mnunuzi haikufika hata theluthi ya aliyonunulia. Nikamwambia, mdogo wangu, usiuze kitu, nakuja.

Nilipofika nilimkuta amechuchumaa chini ya mwembe. Mbele yake kuna sufuria lina petroli, ndani ya petroli kuna plagi na eksozi, mkononi ana mswaki anasugua. Hatua tatu kutoka hapo, chai inachemka kwenye mafiga. Nilizima moto kwanza ndipo nikasalimia watu.

Makala hii inatokana na siku ile. Nitakueleza masizi ya injini ni nini, unayaondoaje bila kujiunguza wala kuua mashine, na jambo kubwa kuliko yote: kwa nini yanarudi. Nitatumia mfano wa pampu ya petroli ya silinda moja, zile za nguvu ya farasi 5.5 hadi 7, kwa sababu ndizo wengi wetu tunazo. Mwishoni nitagusa na kirikuu chako cha kubebea mazao.

Masizi yanatoka wapi

Injini inachoma petroli ikichanganyika na hewa. Mchanganyiko ukiwa sawa, karibu yote inaungua. Petroli ikizidi hewa, au oili ikipenya hadi chumba cha kuunguzia, kuna mabaki yasiyoungua. Mabaki hayo ndiyo kaboni, sisi tunaita masizi. Yanaganda juu ya pistoni, kwenye hedi, kwenye valvu, kwenye ncha ya plagi na ndani ya eksozi.

Ni kama sufuria la kupikia kwa kuni. Siku moja si tatizo. Usiposugua miezi sita, unapata gamba.

Gamba hilo linafanya mambo manne. Linafunika plagi, cheche inakuwa dhaifu. Linazuia valvu kufunga vizuri, kompresheni inavuja. Linabana ringi za pistoni zisitanuke, injini inaanza kula oili na kutengeneza masizi mengine zaidi. Na likiwa nene linashika moto na kubaki jekundu, linawasha petroli kabla ya wakati wake. Hapo ndipo unasikia injini inagonga kama mtu anapiga msumari ndani.

Dalili za kukagua

Moshi mweusi maana yake petroli imezidi hewa. Moshi wa bluu au mweupe wenye harufu ya oili maana yake oili inaungua. Toa plagi uiangalie: ikiwa kavu na nyeusi kama mkaa uliosagwa, ni petroli nyingi, ikiwa nyeusi na inang'aa kwa mafuta, ni oili, ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, hapo pako sawa, tafuta tatizo kwingine.

Na kwingine usikudharau. Pampu ikitoa maji kidogo, kwanza angalia chekecheke la mpira wa kunyonya, sili, na kama mpira unavuta hewa. Nimeona watu wanafungua injini kumbe jani limeziba huko mtoni. Kama injini inanguruma kwa kasi yake ya kawaida lakini maji ni kidogo, tatizo liko upande wa pampu. Kama injini yenyewe inazubaa ikipewa mzigo, endelea kusoma.

Usalama kwanza, tafadhali usiruke sehemu hii

Injini iwe baridi kabisa. Eksozi inabaki na moto muda mrefu baada ya kuzima, na hiyo inatosha kuwasha mvuke wa petroli.

Chomoa kofia ya plagi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mashine isiwe na uwezo wa kuwaka vidole vyako vikiwa ndani.

Funga bomba la mafuta chini ya tanki. Fungua skrubu ya chini ya kabureta, petroli iliyobaki itoke kwenye kopo, kisha lifunike na kuliweka mbali.

Fanya kazi nje, penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji. Ndiyo maana yale mafiga ya hatua tatu yalinitisha. Huuoni ukitembea, unakuja kuuona ukishawaka. Hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna kuchomelea jirani.

Usisafishe kwa petroli. Tumia mafuta ya taa kidogo, au dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta. Hizo nazo zinashika moto, kwa hiyo sheria ya moto iko palepale, ila mafuta ya taa hayatoi mvuke haraka kama petroli.

Vaa glavu na miwani. Dawa ya kupuliza ikirudi machoni utaijutia. Masizi na oili chafu havifai kwa ngozi, vikizoeleka vinaleta madhara makubwa, hata saratani. Masizi makavu usiyapulize kwa mdomo wala kwa upepo. Yaloweshe kwanza, kisha yafute.

Na ukija kuwasha kwa majaribio, usiwashie stoo wala kwenye kibanda. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu akidhani ana usingizi.

Anza nje, ingia ndani polepole

Kosa la vijana wengi ni kukimbilia kufungua hedi. Mimi nafuata ngazi. Ukimaliza ngazi moja, washa ujaribu. Ikipona, simama hapo.

*Ngazi ya kwanza: chujio la hewa.* Fungua kasha lake. Sponji ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, iache ikauke kivulini. Kama ni ile ya kulowekwa oili, weka oili safi kidogo kisha ikamue kabisa isichuruzike. Chujio la karatasi usilioshe; ligongegonge vumbi litoke au nunua jipya. Angalia na choki kama inafunguka mpaka mwisho. Choki iliyokwama nusu ni kiwanda cha masizi.

*Ngazi ya pili: plagi.* Isugue kwa brashi ya waya laini, ifute, pima nafasi ya ncha zake. Injini nyingi za ukubwa huu zinataka milimita 0.7 hadi 0.8. Kama kaure imepasuka au ncha imeliwa, nunua mpya. Ukirudisha, anza kwa vidole mpaka ikae, ndipo umalizie na spana. Hedi ni ya aluminiamu, ukilazimisha plagi ikiwa imepinda unakula nyuzi, na hapo umejitafutia gharama nyingine.

*Ngazi ya tatu: wavu wa eksozi.* Hii wengi hawaijui. Kwenye mdomo wa eksozi za injini nyingi kuna kiwavu kidogo cha chuma cha kuzuia cheche zisiruke nje. Kikiziba masizi, moshi hautoki, na moshi usipotoka hewa mpya haiingii. Kifungue, kisugue kwa brashi taratibu bila kukitoboa, kisha kirudishe. Usikitupe. Kiangazi shamba limezungukwa na majani makavu na mabua, cheche moja inakutosha wewe na majirani zako.

Kwa ngazi hizi tatu hufungui injini. Unahitaji brashi, spana ya plagi, bisibisi na saa moja.

Ikibidi kufungua hedi

Kama umepita ngazi zote, bado inagonga au kompresheni iko chini, na mashine imeshafanya kazi saa nyingi, basi masizi yako ndani. Watengenezaji wanatofautiana: wapo wanaosema ndani pasafishwe kila saa 100 hadi 300, wapo wanaosema saa 500 au zaidi. Kitabu cha mashine yako ndicho kina neno la mwisho. Kama hujawahi kufungua injini, mwite fundi unayemwamini na ukae pembeni yake ukiangalia. Ukiwa na uzoefu, mpangilio ni huu:

1. Nunua gasketi mpya ya hedi kabla hujafungua. Ya zamani hairudishwi.

2. Piga picha kwa simu kila hatua. Panga bolti kwa mpangilio ulivyozitoa.

3. Fungua mfuniko wa valvu. Vuta kamba polepole mpaka pistoni iwe juu na valvu zote mbili zimefunga.

4. Legeza bolti nne za hedi kidogo kidogo kwa kupishana, kona kwa kona. Ukitoa zile fito za kusukumia valvu, weka alama ipi ni ya kuingiza hewa na ipi ni ya kutoa moshi.

5. Hedi ikigoma, igonge taratibu kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao. Usichomeke bisibisi kwenye uso wa gasketi.

6. Ziba matundu yanayoshuka kwenye injini kwa vitambaa safi. Paka grisi kuzunguka ukingo wa pistoni, itanasa vumbi la masizi lisishuke kwenye ringi.

7. Lowesha masizi, subiri yalainike, kisha kwangua kwa plastiki ngumu au kipande cha mwanzi ulichochonga bapa. Futa, lowesha tena, kwangua tena. Haraka haihitajiki. Pistoni si lazima ing'ae kama kioo, unachotafuta ni gamba liondoke.

8. Kwenye hedi fanya hivyohivyo valvu zikiwa zimefunga. Pale valvu inapokalia usipakwangue kabisa. Ukiona valvu imeungua au imepasuka ukingo, hiyo ni kazi ya fundi.

9. Shusha pistoni kidogo, futa grisi na uchafu wote ukutani mwa silinda, paka oili safi nyembamba. Toa vitambaa. Vihesabu! Ulivyoweka vinne, vitoke vinne.

10. Weka gasketi mpya, kaza bolti kwa kupishana, kwa awamu mbili au tatu, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu. Kisha pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi. Kwa injini nyingi za farasi 5.5 ni takriban milimita 0.15 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa kutoa.

11. Badilisha oili, maana uchafu na mafuta ya taa huenda vimepenya. Washia nje. Moshi wa dakika chache za mwanzo usikutishe.

Oili chafu weka kwenye dumu, mpelekee fundi. Usiimwage mferejini, maji hayohayo ndiyo unamwagilia mchicha.

Mambo ambayo usije ukajaribu

Msasa. Hili nalisema kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa na diploma mkononi na kiburi kichwani, nilisafisha pampu ya kaka yangu kwa bisibisi na msasa. Pistoni iling'aa, nikapiga na picha. Haikuchukua mwezi ikaanza kumwaga moshi wa bluu. Mchanga wa msasa ulikuwa umeingia kati ya pistoni na silinda ukawa unasaga kila inapozunguka. Kaka alipoteza vitunguu vya msimu ule na hakunilaumu hata siku moja. Ndiyo inayoniuma zaidi.

Kumwaga maji kwenye kabureta injini ikiwa inanguruma ili "mvuke usafishe". Maji hayabanwi kama hewa. Yakizidi kidogo, pistoni inayagonga kama ukuta na fito yake inapinda.

Magadi makali ya kuzibulia mabomba, yale ya kutengenezea sabuni. Yanakula aluminiamu, na yakiwa yanaila yanatoa hewa inayolipuka. Pistoni na hedi ni aluminiamu.

Kulazimisha kamba ya kuwashia iliyokwama. Huenda oili au maji yamejaa juu ya pistoni. Toa plagi kwanza, ndipo uvute taratibu yatoke. Uso wako usiwe mbele ya tundu.

Kwa nini yanarudi

Sasa turudi chini ya mwembe. Wavu wa eksozi wa yule kijana ulikuwa umeziba karibu wote. Sponji ya hewa ilikuwa imelowa oili chapachapa, na plagi ilikuwa nyeusi inang'aa. Tukasafisha vyote. Nikamuuliza, hii oili yote inatoka wapi wakati mashine haina hata miaka miwili?

Hakujua. Nikamwomba anisimulie siku ya pampu tangu asubuhi hadi usiku. Akasimulia: anamwagilia, jioni anaogopa wezi, anaita bodaboda, pampu inafungwa nyuma, nyumbani.

"Inafungwaje?"

"Tunailaza, bwana shamba. Ikisimama inayumba."

Jibu likawa hilo. Kila usiku mashine inalazwa kilomita tatu za makorongo, oili inatiririka kwenye sponji na kwenye silinda, asubuhi inaungua kuwa masizi. Angefanya ovahoo, angelipa, na baada ya miezi michache angekuwa palepale. Ugonjwa haukuwa kwenye injini, ulikuwa kwenye bodaboda.

Kwa hiyo kabla hujasafisha, uliza yanatoka wapi:

- Safirisha pampu ikiwa imesimama. Yeye sasa ana kreti ya mbao nyuma ya pikipiki.
- Ukingoni mwa mto chimba pakae tambarare. Injini iliyoinama inapeleka oili isikotakiwa, na kipimo cha oili kinakudanganya.
- Oili isipite alama ya juu. Badilisha baada ya saa 20 za kwanza kama mashine ni mpya, baadaye karibu kila saa 100, au kama kitabu kinavyosema.
- Choki ikishafanya kazi yake, ifungue yote.
- Kwenye vumbi, angalia chujio la hewa kila siku chache.
- Usiiache injini inguruma muda mrefu bila mzigo.
- Weka daftari la saa za kazi, hata la kurasa nne.

Na kirikuu je?

Kanuni ni ileile: chujio la hewa, plagi, oili kwa wakati, ndipo tufikirie kufungua. Safari fupifupi injini ikiwa baridi zinajaza masizi. Safari ndefu yenye mzigo, injini ikiwa imepata moto wake, inasaidia kuyapunguza. Dawa za kuweka kwenye tanki husaidia kwa kiasi, lakini kwa magari yanayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda haziwezi kusafisha valvu za kuingiza hewa, kwa sababu petroli haipiti hapo. Taa ya injini ikiwaka, ipime kwa mashine kwanza, usinunue dawa kwa kubahatisha.

Yule kijana hakuuza pampu. Siku ileile saa tisa mchana maji yalifika mstari wa mwisho, naye akaja kuniamsha kwenye kivuli nilipokuwa nimejinyoosha. Hedi hatukuifungua. Tulichotumia ni mafuta ya taa ya kikombe kimoja, plagi mpya na saa moja na nusu.

Kesho asubuhi, kabla hujavuta ile kamba, toa plagi uitazame rangi yake. Kazi njema shambani, tukutane wiki ijayo.